Tundu la Silinda ya Tatu

Ndoto yangu ya usiku wa kuamkia leo ilianza kwa boneti ya gari kukataa kufunguka mpaka nibishe hodi. Nikabisha. Sauti ya mwanamke ikajibu kutoka ndani, "Karibu, lakini vua viatu."

Sikushangaa. Mtu aliyehangaika na gari bovu miezi mitano hashangazwi na boneti. Gari lenyewe ni kuukuu, jeupe, limekula chumvi nyingi kuliko ndoa yangu. Tangu tumzike mwanangu mwezi wa nne limekuwa likitetemeka kama lina homa, halina nguvu mlimani, na linakunywa mafuta utafikiri ni lori. Mafundi wa Makambako wamelifungua karibu wote. Mmoja alibadilisha plagi, mwingine akasafisha chujio la hewa, wa tatu akanishauri nimwombe Mungu. Huyo wa tatu ndiye aliyenitoza pesa nyingi.

Niseme na hili, maana ndilo lililokuwa likiniuma kuliko gari. Mpaka jana nilikuwa sijalitamka jina la mwanangu tangu mazishi. Nilishindwa. Mke wangu Tulinave, ambaye miaka yote nilimwita kwa jina la mtoto huyo kama wafanyavyo watu wote, nilianza kumwita "wewe". Juzi aliniambia, kwa upole tu, kwamba amechoka kuomboleza peke yake. Jumamosi angekwenda kwa kaka yake Mafinga, na hakujua angerudi lini.

Basi, kwenye ndoto, nikavua viatu nikaingia ndani ya injini. Ni sebule. Plagi nne zimekaa kwenye vigoda, kila moja na waya wake kichwani. Mbele yao amesimama mwanamke mnene mwenye mwiko. Ni kabureta.

"Wewe ndiye unayelalamika kwamba gari linakula sana?" ananiuliza.

"Ndiyo, mama."

"Mimi nimeajiriwa kupakua. Sikuajiriwa kuuliza nani anakula na nani anaacha."

Anapakua sahani nne za petroli, zote zimelingana. Plagi ya pili na ya nne zinakula. Ya kwanza inageuzageuza kijiko. Ya tatu imelowa chapachapa, inatazama ukuta. Mlango wa nyuma unafunguliwa, anaingia bwana mmoja mrefu, mwembamba, anayekohoa. Ni ekzosi, bomba la moshi. Anachukua sahani ya plagi ya tatu jinsi ilivyo.

"Kila siku nabeba chakula ambacho hakijaguswa, nakwenda kukimwaga nje," ananiambia. "Halafu majirani wanasema mimi ndiye ninayenuka."

Nikamwomba radhi kwa niaba ya majirani.

Hapo fundi akaingia. Alikuwa spana namba kumi na saba, amevaa ovaroli.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Tutachomoa waya mmoja mmoja huku injini inanguruma," akasema Spana. "Tukichomoa na mtetemeko ukazidi, hiyo ni nzima. Tukichomoa na kusiwe na tofauti, hiyo ndiyo iliyokufa."

"Hiyo naijua," nikamjibu. Kila mwenye gari kuukuu anaijua, na sikupenda kufundishwa na spana.

Nilipogeuka kuzitazama plagi, hatukuwa tena ndani ya injini. Tulikuwa nyumbani kwangu, mezani. Kwenye kigoda cha kwanza nimekaa mimi, cha pili Tulinave, cha nne binti yetu Editha. Cha tatu hakina mtu, waya wake unaning'inia hewani. Nyumba nzima inanguruma polepole na vikombe vinagongana kabatini.

Spana anachomoa waya wa Editha. Nyumba inayumba, saa ya ukutani inaanguka, Editha anasema, "Samahani."

"Nzima," anasema Spana, anaurudisha.

Anachomoa wa Tulinave. Taa zinafifia, bati zinapiga kelele, nyumba inakaribia kuzimika kabisa. Spana anaurudisha haraka.

"Nzima. Tena huyu ndiye anayeivuta nyumba yote."

Anachomoa wa kigoda cha tatu. Vikombe vinaendelea kugongana vilevile.

"Hii imekufa," anasema, kama mtu anayetangaza hali ya hewa.

Kisha anakuja kwangu. Nakaa vizuri, naishikilia meza isije ikanidondokea, maana mimi ndiye mwenye nyumba. Anachomoa.

Hakuna kilichobadilika. Editha anaendelea kula. Tulinave hainui uso.

"Umechomoa kweli?" nauliza.

"Huu hapa mkononi, mzee."

"Kumbe na mimi nimekufa."

"Tutapima kwanza. Kuna iliyokufa, na kuna isiyochoma. Mafundi wengi hawatofautishi. Weka dole gumba kwenye tundu. Kama kuna uhai ndani, hewa itakusukuma."

Kigoda cha tatu kilikuwa na tundu la mviringo katikati, kama tundu la plagi. Nikaweka dole gumba, Spana akaizungusha injini. Tundu lilikuwa la baridi. Nikabonyeza zaidi. Nikamwambia aizungushe tena, akazungusha. Nikamwambia tena. Sikuwahi kuhisi utulivu mbaya kama ule. Hakuna kilichonisukuma, hata kidogo, hata kama pumzi ya mtoto mchanga aliyelala.

"Mzee," akasema Spana, "inatosha."

Sikutaka kutoa kidole. Niliona nikikitoa nitakuwa nimemwacha peke yake mle ndani. Ilibidi Spana anishike mkono.

Akaupeleka kifuani kwangu. Chini ya kifungo cha shati nina tundu kama lile, na sikuwa nikilijua. Naweka dole gumba. Hewa inalirusha kwa nguvu hata kiwiko kinagonga meza.

"Una nguvu zako zote," anasema Spana. "Unakosa moto tu. Moto unapita kwa mpangilio: ya kwanza, ya tatu, ya nne, ya pili. Anayekufuata wewe ni yeye. Umeacha kuwaka kwa sababu unajua hapokei."

"Sasa nifanye nini?"

"Uwake hivyohivyo. Gari lenye silinda tatu linafika Njombe, kwa kutetemeka. Lenye mbili halitoki hata Makambako."

Kabureta akatokea jikoni na sufuria. Alikuwa amepakua sahani ya kigoda cha tatu, mvuke unapanda.

"Na mimi niambie ni nani asiyekula, niache kumpakulia," akasema. "Lakini umtaje kwa jina. Siwezi kumnyima mtu chakula bila kujua jina lake."

Ekzosi ameacha kukohoa. Editha ameweka kijiko chini. Wote wananisubiri, na mimi naitazama sahani. Naipenda sahani ile. Nikitamka jina haitaletwa tena mezani, na hilo ndilo lililonishinda miezi yote hii, wala si kitu kingine. Namtazama Tulinave. Kwa mara ya kwanza ameinua uso.

"Lameki," nikasema. "Lameki hatakula tena. Lameki mwanangu amekufa."

Kabureta akafunika sufuria.

Niliamka nikiwa bado naita. Dirishani kulikuwa kunapambazuka. Tulinave alikuwa ameketi kitandani, mkono wake juu ya kifua changu, na nikadhani ataniuliza naota nini. Hakuuliza.

"Mwite tena," akasema.

Nikamwita. Nikamwita mpaka sauti ikanikauka, nikalia kama nilivyopaswa kulia kaburini siku ile nilipokuwa nahangaika na viti vya wageni. Tulinave akalia nami. Hakuwa na haraka ya kuninyamazisha.

Baadaye nilipoinua mkono kufuta machozi, niliona dole gumba langu lina duara jeusi, lenye meno madogomadogo pembeni, kama limebonyezwa kwa muda mrefu juu ya tundu la plagi. Nikalisugua kwa shuka. Halikutoka. Nikaona aibu, nikataka kuuficha mkono chini ya mto.

Tulinave akauwahi. Akaligeuza dole gumba kwenye mwanga wa dirisha, akalitazama.

"Alikusukuma?" akaniuliza.

Nilikuwa sijamsimulia chochote.

"Hapana," nikasema.

"Na mimi hakunisukuma," akasema, akanyoosha dole gumba lake. Duara lilikuwa kama langu, ila la kwake lilikuwa la siku nyingi, na lilikuwa limeanza kufifia.