Kibao na Kitabu cha Mayu Milembe

Milembe alikuwa na kazi moja ambayo majirani zake hawakuiweza kama yeye: kusoma kwa sauti wakati wenzake wakichambua pamba. Kila msimu, jua likishapunguza ukali, wanawake watatu walibeba magunia yao hadi barazani kwake, nje kidogo ya Dutwa, wakakaa mkekani, pamba safi upande huu, pamba fifi, ile yenye madoa, upande ule. Yeye hakugusa pamba. Alishika kitabu, na wenzake wakamchambulia ya kwake. Hakuna aliyenung'unika, maana mchana usio na hadithi ni mrefu.

Msimu huu walikuwa na riwaya moja nene ya mama anayemtafuta mwanawe, Shija, aliyekwenda kwenye machimbo ya dhahabu asirudi. Monika, jirani wa upande wa bondeni, ndiye aliyeichagua. Mwanawe Monika, Josia, naye alikwenda machimboni, huu mwaka wa pili, na simu yake haipatikani. Mkekani hakuna aliyemtaja Josia. Walisikiliza tu, na Monika alisikiliza kuliko wote.

Shida ni kwamba Milembe alikuwa haoni. Mtoto wa jicho alimwanza taratibu, na walipofika ukurasa wa tisini maandishi yote yalikuwa ukungu mtupu. Mwenye akili zake angesema. Milembe hakusema, maana asiposoma angebaki kikongwe kama vikongwe wengine, na gunia lake mbele yake. Basi akawa anafunua kurasa na kutunga. Wiki tatu nzima alitunga bila haya. Shija akatoka machimboni, akauza samaki Magu, akaugua, akapona. Ijumaa walimwacha stendi, ameshika tiketi ya kurudi kwa mama yake, na Monika siku hiyo aliondoka anaimba.

Jumamosi asubuhi Thadei, kijana wake anayefanya kazi halmashauri huko Bariadi, aliegesha pikipiki uani.

"Mwangaluka, mayu," alimwamkia mama yake kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, baba. Mbona mapema?"

"Nimekuletea kitu." Akatoa kibao chembamba cha rangi ya majivu. "Hiki ni cha kusomea vitabu tu. Mara ya mwisho nilikuona unakibandika kitabu puani. Humu herufi unazikuza unavyotaka. Riwaya yenu nimeshaiweka, hayo makaratasi wape panya."

Alimwonyesha pa kugusa, akanywa uji, akaondoka.

Milembe alikuza herufi mpaka maneno machache tu yakajaza kioo. Aliyaona! Alicheka peke yake kama mwehu, machozi yakamtoka, akamwombea mwanawe kila heri inayojulikana. Kisha akatafuta pale macho yalipomwacha, akaanza kusoma kwa njaa ya wiki tatu. Kabla ya saa saba mchana alikuwa amefika mahali ambapo mama anaonyeshwa kaburi. Shija alifukiwa na shimo mvua za kwanza, kabla hata mama yake hajaanza safari.

Alifikiria kukificha kibao chini ya godoro na kusema kimeharibika. Lakini Thadei alikuwa amesimama kwa kila mtu njiani kujisifia zawadi yake. Njia ya mwongo ni fupi, na ya mwongo mwenye mwana mwenye pikipiki ni fupi zaidi.

Alasiri walikuja wakiwa na shangwe. Anyes, binti aliyemaliza kidato cha nne, aliwahi kukaa ubavuni pake.

"Mayu, herufi kubwa hivi! Hata mimi naziona kutoka hapa. Haya, Shija amepanda basi?"

Milembe alikishika kibao kwa mikono miwili. Angeweza kumpa Anyes asome, akaingia ndani kujifanya anatafuta maji. Alimtazama Monika, ambaye hata gunia alikuwa hajalifungua.

"Sikilizeni," alisema. "Tangu ukurasa wa tisini sijasoma. Macho yalikataa, nikaona aibu. Yote yale ya samaki, ya stendi, niliyatunga mimi. Leo ndiyo nimesoma yaliyoandikwa."

Goodness, fundi cherehani asiyejua kunyamaza, aliitupa pamba aliyoshika. "Kumbe wiki tatu unatulisha uongo? Na pamba tunakuchambulia!"

"Mnisamehe. Kuanzia leo nitachambua ya kwangu."

Monika hakupandisha sauti. "Humo kwenye kibao, Shija yuko wapi?"

Milembe alikilaza kibao mkekani. Anyes alikuwa ameinamia kioo, midomo ikicheza. Alinyanyua uso, akamtazama Monika, akatazama chini.

Ilitosha. Monika aliviringisha kipande cha pamba vidoleni. Kisha akainuka, akajipangusa, akaingia ndani. Walidhani anakwenda kulia. Alirudi na kile kitabu cha karatasi, jalada limeganda kwa gundi, akakiweka juu ya mapaja ya Milembe.

"Soma hiki."

"Monika, ni kile kile. Maneno ni yale yale. Mimi ndiye siyaoni."

"Najua, mayu. Nimechambua pamba tangu nina miaka sita, safi na fifi nazijua, sidanganyiki." Alikaa, akalivuta gunia la Milembe mbele yake, akalifungua. "Soma hiki."

Goodness alitaka kusema neno, Anyes akamfinya. Kibao kikajizima chenyewe pale mkekani.

Milembe alikifungua kitabu katikati. Mbele yake palikuwa na weupe tu. Akasafisha koo.

"Gari lilipofika," alisoma, "Shija alikuwa wa kwanza kupanda."