Mapipa ya Shemeji Ratomir

Pipa la kwanza liliondoka taratibu, likijipindua majini kama nguruwe anayegaagaa, likapita pale palipokuwa na uzio, likashika njia ya mto. Nilikuwa nimesimama ndani ya maji ya magoti, mkononi kamba isiyofungwa kitu. Nyuma yangu foklifti ilinguruma kupanda kilima, imebeba mashine mpya ya kupaka rangi.

Ratomir, mwenye kiwanda cha samani, ni kaka wa mume wangu. Mimi nilisimamia ghala. Mabaki ya vanishi na tina ya kuzimulia rangi tuliyaweka kwenye mapipa nyuma ya ghala, karibu kabisa na mto, kwa kuwa hapo lori lilifika kwa urahisi. Kila theluji ilipoanza kuyeyuka na mto kujaa, nilimwomba ayahamishie juu, au walau ayazungushie ukuta. Mara ya mwisho nilimwambia mezani, sikukuu ya mtakatifu wa familia yao, kabichi iliyofungiwa nyama ikifuka mvuke mbele yake.

“Shemeji Desanka,” akasema, akiwakonyeza wageni, “nikununulie mtumbwi, upate usingizi?”

Meza nzima ikacheka. Hata mume wangu, Vidoje, alichekea ndani ya glasi yake.

Kisha ikaja ile mvua ya Mei, ikanyesha bila kupumua. Maji yalipoanza kuingia uani, nilimkinga njia Slavoljub, dereva wa foklifti.

“Mapipa kwanza!”

“Tajiri kasema mashine, dada. Usiniponze.”

Nikampigia Ratomir. “Mapipa yana vifuniko,” akasema. “Acha kunipandisha presha.” Akakata.

Wanawake wa kupiga msasa wakaja kunisaidia. Tuliyaviringisha kwa mikono mpaka migongo ikagoma. Mtaro wa uani tuliuziba kwa magunia ya unga wa mbao. Maji yakayasogeza pembeni kama mtu anayefungua pazia. Tuliokoa mapipa machache. Mengine tuliyasindikiza kwa macho, na mmoja wetu akaanza kutukana, akatukana mpaka sauti ikamkauka.

Upande mto unakoelekea aliishi Zagorka, aliyelima pilipili hoho za kuuza sokoni. Maji yalipopungua alinipeleka shambani kwake. Udongo ulimetameta rangi zote na kunuka tina. Hakunilaumu.

“Wewe niambie tu,” akasema, “niuoshe na nini?”

Wiki hiyohiyo Ratomir alitokea kwenye televisheni, kavaa mabuti safi, akisema mafuriko ni kazi ya Mungu. Kufikia vuli alikuwa amejenga ukuta wa zege, mzuri, mrefu, kuzunguka chumba cha mashine. Mapipa mapya yakapangwa palepale kando ya mto.

“Na haya?” nikamuuliza.

“Huo ni uchafu, shemeji. Nani anajengea uchafu ukuta?”

Jumapili, yeye akiwa kanisani, niliazima trekta la Zagorka. Mimi naye na wale wanawake wa msasa tukayapakia mapipa, tukayapeleka mahali pa juu kuliko pote nilipopajua: uani kwa Ratomir, chini ya mizabibu, mbele ya dirisha la jikoni. Mkewe, Ljubinka, akatoka na mwiko mkononi.

“Una wazimu? Yananuka!”

“Ndiyo, Ljubinka. Yananuka.”

Nilifukuzwa kazi siku hiyohiyo.

“Ungeongea naye kwa upole,” Vidoje akaniambia.

“Na miaka yote hiyo nilikuwa naongeaje?”

Akaendelea kula.

Banda la mapipa lilijengwa upesi kule kilimani, lina paa, na sakafu ya zege yenye ukingo. Ljubinka alikuwa amekataa kupika mpaka harufu iondoke. Mto hakuna aliyeutaja.

Zagorka hadi leo hapandi kitu ardhini. Amepanga ndoo barazani, kazijaza udongo wa kununua. Kila nikipita hunichumia pilipili moja, kisha hunitazama ninavyoinusa kabla sijaiuma.