Skrubu Yenye Rangi ya Kucha

Mume wangu hutengeneza meno ya bandia, na hapo ndipo matatizo yote yalipoanzia. Mtu anayeshinda akinyoosha meno ya watu hawezi kurudi nyumbani, akaona kitu kimepinda, akakiacha. Ananyoosha picha ukutani. Ananyoosha mapazia. Siku ya kwanza nilipompikia alipanga vijiko mstari mmoja kabla hajaonja chakula. Nyumbani tunamwita Nyoosha, naye anaitika.

Chumba chetu cha pili amekijaza kompyuta za zamani, zile za kuchomeka kwenye televisheni, ambazo gemu zake hukaa kwenye kaseti. Anazo saba. Anazifungua, anabadilisha kapasita zilizovimba, anaosha vibonye kimoja kimoja kwa mswaki. Mimi na cherehani yangu tunaishi kwenye korido, na wateja wangu wanajaribu magauni nyuma ya shuka huku yeye akipita na waya shingoni akisema, "Samahani, mama."

Nikachoka. Tukaandikiana mkataba, kwa mwandiko wangu: Jumamosi, kabla ya saa sita mchana, gemu la dada yake liingie kwenye mashine mbele ya shahidi. Lisipoingia, chumba ni changu na kompyuta zinapanda juu ya kabati. Shahidi ni huyo dada yake, wifi yangu, karani wa mahakama, ambaye hata ukimsalimia anasubiri kusikia upande wa pili.

Gemu lenyewe alilitunga wifi akiwa na miaka kumi na mitano, kwa mashine moja kati ya hizo saba. Mbuzi anaiba nguo kwenye kamba tatu, na mwanamke mwenye ufagio anamfukuza. Nakala yake ni hiyo kaseti moja tu. Kabla hata ya kuijaribu, Nyoosha alisafisha kinasa sauti chao cha utotoni, kinachosoma kaseti, kwa pamba na spiriti, akabadilisha mpira wake wa kuzungusha, kisha akagundua kwamba kichwa cha kusomea kaseti kimeinama kidogo. Furaha yake siwezi kuieleza. Akakaza skrubu mpaka kichwa kikanyooka sawasawa, akaifunga kwa tone la rangi yangu ya kucha, ile nyekundu, bila kuomba. Tangu hapo kaseti ikawa inalia tu, na gemu haliingii.

Jumanne, akiwa kazini, niliingia kutafuta rangi yangu. Nikaona kaseti, nikabonyeza ili nisikie tu. Kelele ilitoka imefifia, kama mtu anayeongea na blanketi mdomoni. Sasa mimi ni mshonaji. Cherehani ikilia vibaya sifungui kitabu, nageuza skrubu ya uzi mpaka ilie vizuri. Nikachukua bisibisi, nikabandua rangi, nikageuza robo mzunguko kushoto. Sauti ikachangamka. Baada ya dakika nne mbuzi wa vipande vya mraba alikuwa kwenye skrini, ananingoja.

Ndipo nikaelewa. Wifi alirekodi gemu lake kwa kinasa kilichopinda, kwa hiyo kinasa kilichopinda ndicho kinachoweza kulisoma. Mume wangu aliharibu kwa kurekebisha.

Mke mwema angempigia simu. Mimi nilicheza mpaka saa nane, nikarudisha skrubu ilipokuwa, nikaipaka rangi mpya na kuipuliza ikauke. Jumatano nikarudi, na kila siku hadi Ijumaa. Alhamisi wateja wawili waliambiwa fundi anaumwa, na aliyewaambia ni mimi mwenyewe, kupitia dirishani. Kila gemu likiisha linakuuliza jina, kisha linakuamuru ubonyeze kurekodi ili orodha ya washindi ihifadhiwe mwishoni mwa kaseti. Nikaandika, nikarekodi. Nani angeona? Jioni Nyoosha akihangaika, nampelekea chai na uso wa huruma.

Jumamosi wifi alifika saa tano, akakaa, akavua saa yake na kuiweka mezani. Nyoosha alijaribu mara tatu. Mimi nilikuwa nimeshaamua pazia la chumba litakuwa la rangi gani. Ilipobaki robo saa, alitoa kaseti, akaifunga kwenye leso yake, akampa dada yake kwa mikono miwili.

"Chukua, dada. Nadhani nimeiua. Nisamehe."

Wifi aliipokea, akafungua leso. Akapitisha kidole polepole juu ya mwandiko wake wa utotoni. Hilo sikuwa nimelipangia. Nilitaka chumba, sikutaka kuwaona ndugu wawili wanaizika kaseti mbele yangu. Niliona haya mpaka masikio yakawaka.

"Hebu nipe hiyo," nikasema, nikachukua bisibisi.

"Usiguse skrubu, nimeshainyoosha."

"Ndiyo shida yenyewe."

Nikageuza robo mzunguko. Gemu likaingia ikiwa bado dakika tano, nami nikaeleza habari ya kinasa kilichopinda kana kwamba nimeiwaza palepale. Nyoosha alikuwa ananijia kunikumbatia, orodha ya washindi ikatokea. Nafasi ya kwanza mpaka ya tano: MSHONAJI. Ya sita: DADA.

"Nani huyu kanishusha?" wifi akauliza.

Nyoosha aliitazama skrubu, halafu akanitazama mimi. "Siku ngapi?"

"Nne."

"Na chai ulikuwa unaniletea."

"Chai nilikuletea kwa moyo safi," nikasema. Nikaona heri nijitetee kisheria. "Lakini gemu nimeliingiza mimi, si wewe. Kwa hiyo chumba ni changu."

Wifi aliomba karatasi. Aliisoma mara mbili, polepole, kama mtu aliyeshushwa mpaka nafasi ya sita.

"Hapa pameandikwa gemu liingie. Hapajaandikwa kwa mkono wa nani. Mwandiko huu wa nani?"

"Wangu."

"Chumba ni cha mdogo wangu."

Nikaweka bisibisi mezani, nikashika njia ya korido.

"We," Nyoosha akaniita. Alikuwa ameshakaa mbele ya mbuzi, na wala hakugeuka. "Yule mwanamke wa kamba ya tatu. Tangu utotoni ananipiga ufagio. Unampitaje?"

"Nitakuonyesha," nikasema, "cherehani ikishaingia humu."

Aliitazama skrini, akamtazama dada yake, ambaye alikuwa anakagua dari. Kisha akainuka kwenda kuibeba cherehani.