Mtu wa Panga Kwenye Mvua

Baba yangu alipata kiharusi mwezi wa sita, akiwa anapalilia mahindi ya shamba la chini, na tangu siku hiyo neno lililobaki kinywani mwake lilikuwa moja tu: ndio. Ukimuuliza kama amekula, ndio. Ukimuuliza kama anataka uji au chai, ndio. Siku moja Mama akachoka, akamuuliza kama anataka kufa amwache peke yake na kuku. Baba akasema ndio, halafu machozi yakamtoka kwa sababu hilo silo alilotaka kusema.

Daktari wa Bungoma alituambia maneno yake hayajafa, yamepotea njia. Alitaka tuongee naye kila siku, na akianza kutafuta neno tumngoje alipate mwenyewe, tusimmalizie. Akasema pia kwamba miezi ya kwanza ndiyo yenye nguvu; ikipita hivi hivi, kazi inakuwa ngumu. Mimi nilikuwa nahesabu. Tulikuwa tumefika Novemba.

Mtu akinyamaza ni huzuni, lakini Baba kunyamaza kulikuwa kitu kingine. Huyu Wangila ndiye aliyekuwa na video pale senta ya Tongaren nilipokuwa mtoto. Chumba cha mabati, mabenchi, jenereta nyuma ya ukuta, na televisheni juu ya meza. Baba alikaa kando yake kwenye kreti ya soda, maikrofoni mkononi, akapunguza sauti ya filamu na kuisimulia yeye. Za Kihindi, za Kichina, za Wafilipino, zote alisimulia. Hakujua Kihindi wala Kichina, na Kiingereza alijua cha kusalimia. Alitazama nyuso za watu, basi. Na kabla ya kuanza alisema maneno yale yale kila mara: "Kaeni vizuri. Mwenye kulia alie, mwenye kucheka asimpige jirani."

Filamu iliyopendwa kuliko zote ilikuwa ya Kihindi. Jina lake hatukulijua, tuliiita Bangili. Kijana mmoja analelewa na mama kipofu, na mkononi amevaa bangili iliyovunjika nusu. Tangu mwanzo kuna mzee wa masharubu anayemtafuta kutoka mji hadi mji. Mwishoni wanakutana kwenye mvua, mzee ameshika panga, na wote wawili wanalia.

Baba alisema huyo mzee ni baba yake. Alimwacha kijana akiwa mchanga, sasa amezeeka, anamtafuta amwombe msamaha.

"Mnaona amekuja na panga?" alikuwa akisema, sauti imeshuka. "Ametoka kukata miwa. Aliposikia mtoto wake ameonekana, hakungoja hata kurudisha panga nyumbani."

Hapo wamama walilia. Wanaume waliangalia chini. Filamu ile ilionyeshwa karibu miaka miwili na hakuna aliyeuliza kwa nini baada ya hapo picha ilikatika. Baba alizima jenereta mzee akiwa bado hajainua mkono, akasema wamekumbatiana.

Mimi nilikuwa darasa la sita. Nilikuwa nimeanza kusoma Kiingereza kidogo, na nilijivuna nacho. Jumamosi moja Baba alileta sidii nyingine ya Bangili, kwa sababu ile ya kwanza ilikuwa imekwaruzika, na hii mpya ilikuwa na maandishi ya Kiingereza chini ya picha. Nilikaa benchi la mbele. Mzee alipotokea kwenye mvua maandishi yakaja, mafupi, nikayaelewa yote. Nilifurahi kuyaelewa, hiyo tu. Nikasimama nikasema kwa sauti kubwa:

"Baba, si hivyo. Imeandikwa huyo ndiye aliua baba yake."

Halafu Hillary, jirani yetu, ambaye hajawahi kuona shimo asichungulie, akauliza kutoka nyuma, "Kwa hivyo Wangila, huyu mzee alijiua, halafu ndio akakuja kujitafuta?"

Walicheka mpaka benchi likaanguka. Baba pia alicheka, lakini maikrofoni aliiweka chini, na filamu ikaisha bila neno lake. Wiki zilizofuata, kila alipoanza kusimulia mtu aliita, "Ngoja kwanza, mwite binti yako Nakhumicha atusomee." Kabla ya Krismasi alifunga video akarudi shambani. Watu husema ni kwa sababu televisheni za sola zilikuwa zimeingia manyumbani. Inawezekana. Mimi nilijua ni mdomo wangu.

Mwaka uleule Mama alijifungua vibaya, nikaachishwa shule nimtunze, na sikurudi. Kiingereza changu kilikomea kwenye ile sentensi. Na kuongea mbele ya watu nako niliacha. Hata kanisani nikiambiwa nitoe ushuhuda naangalia viatu vyangu. Sasa nina miaka ishirini na tano, naosha vyombo katika hoteli moja mjini Kitale, na napenda kazi ile kwa sababu sahani haziulizi maswali.

Kando ya hoteli kuna duka la muvi, mwenyewe anaitwa Sufian. Watu huja na flashi, anawawekea filamu. Nilipita pale kwa wiki mbili nikijiambia kesho, kesho. Nilitaka Bangili. Nilifikiri, kama kuna kitu kinachoweza kumfungua Baba kinywa ni kile alichokisema mara mia. Na nilifikiri pia, ikiwa ni mimi niliyemnyamazisha mara ya kwanza, labda siku hii niwe mimi ninayemrudishia.

Siku niliyoingia nilisimama nyuma ya wateja wote mpaka wakaisha.

"Sasa siste, unataka gani?" Sufian akaniuliza.

Nikamwambia sijui jina. Nikamweleza: kuna baba amemwacha mtoto, anamtafuta miaka mingi, amebeba panga ya kukata miwa, wanakutana wanasameheana.

Alikuna kichwa. Akasema Wahindi wana filamu nyingi, lakini hiyo ya miwa hajawahi kuisikia, ati labda ni ya huko Magharibi kwenye mashamba ya miwa. Wateja wawili waliokuwa wameingia wakacheka. Nusura niondoke. Lakini nikakumbuka Baba akisema ndio huku analia, nikaanza upya: mama kipofu, bangili iliyovunjika nusu, mzee wa masharubu kwenye mvua.

"Ah! Hiyo si nilikuwa naona nikiwa mdogo?" Sufian akasema. "Lakini huyo si baba yake, bana. Huyo ni adui. Ndiye alimuua baba yake, na anamtafuta amalize ukoo."

"Najua," nikasema.

Akaniwekea ile iliyotafsiriwa na dijei mmoja wa Nairobi anayesimulia juu ya picha, akisema hiyo ndiyo watu wanapenda.

Jumapili nilipata ruhusa, nikafika nyumbani watu wakitoka kanisani. Mahindi yalikuwa yameanikwa kwenye turubai uwanjani, Mama akifukuza kuku. Nilimweleza nilichobeba. Halafu nikamwambia na lile lingine, ambalo sikuwa nimewahi kumwambia mtu: kwamba ni mimi niliyeifunga video.

Mama aliniangalia kama mtu aliyeambiwa ng'ombe ameingia dukani kununua chumvi.

"Wewe mtoto, umebeba hiyo maneno miaka yote?" Akafukuza kuku mmoja, akarudi. "Unajua baba yako alilelewa na mjomba yake, huko Matulo. Baba yake alienda Uganda kutafuta kazi, na hakurudi. Hiyo filamu, Wangila hakuwa anadanganya watu. Yeye aliiona hivyo."

Nilichukua kijiti nikaanza kusaidia kufukuza kuku.

Baada ya chakula tulimkalisha Baba kwenye kiti chake mbele ya televisheni, mkono wake wa kulia tukauweka juu ya mto. Hillary naye alikuja, kama anavyokuja kila Jumapili tangu Baba augue. Yeye ndiye humnyoa ndevu. Aliposikia ni Bangili hakutania. Alikaa chini akavua kofia.

Filamu ikaanza, na yule dijei akaanza naye. Aliongea haraka, Sheng tupu, akitia mizaha na kuita majina ya rafiki zake. Mama kipofu alipotokea akamtania macho yake. Nilimwangalia Baba. Uso ulikuwa umekunjamana, mkono wake mzima unapigapiga paja.

"Wangila, tuzime?" Mama akauliza.

"Ndio," Baba akasema. Lakini ndio yake ilikuwa kila kitu, hatukujua kama ni kuzima au kuacha. Akasema tena, "Ndio, ndio," akimwelekezea kidole yule dijei asiyeonekana, na jasho likamtoka.

Nilichukua rimoti nikazima sauti tu. Picha ikaendelea kimya.

"Kaeni vizuri," nikasema. Sauti ilitoka kama ya mtu mwenye mafua. "Mwenye kulia alie, mwenye kucheka asimpige jirani."

Baba aligeuza kichwa akaniangalia. Midomo yake ilisogea kidogo, nyuma ya maneno yangu, kama mtu anayefuata wimbo asioumudu.

Basi nikasimulia. Nilisimulia nikiangalia kioo, sikuthubutu kumwangalia mtu. Nilisema alivyosema yeye: kwamba kijana hajui kwa nini bangili ni nusu, kwamba mama kipofu anamtambua kwa hatua zake, kwamba mzee wa masharubu halali, anaulizia kila soko. Nilishangaa, maneno yalikuwa yote mahali pake. Mahali pa kucheka Hillary alicheka. Mama aliacha kuangalia kuku. Baba alikuwa ameinama mbele, na kila nilipomaliza sehemu alisema "ndio", na mara hii ilikuwa ndio ya kweli.

Halafu mvua ikaanza kunyesha kwenye filamu.

Nilijua inakuja, lakini sikuwa nimejiandaa. Mzee alitokea kwenye matope, panga mkononi. Kijana akasimama. Ilikuwa zamu yangu kusema, na sikujua niseme lipi, la Baba au lile la maandishi. Nilijiambia niseme la Baba. Lakini nilikuwa nimeliogopa lile lingine miaka kumi na zaidi, nadhani kwa kuliogopa sana ndilo lililokaa mlangoni, na nilipofungua kinywa likatoka hilohilo.

"Huyu ndiye," nikasema, "huyu ndiye aliua baba yake."

Mama alinishika goti. Hillary aliangalia kofia yake. Nilitamani turubai la nje linifunike pamoja na mahindi.

"Ha," Baba akasema.

Tukamgeukia wote. Alikuwa ananiangalia mimi, amekaza macho. Shingo yake ilikuwa imevimba mishipa.

"Ha... pa." Akapumua. "Hapana."

Miezi mitano hatukuwa tumelisikia neno hilo. Mama alifungua kinywa kumsaidia, nikamshika mkono. Tukangoja. Kwenye kioo mvua ilinyesha bila sauti.

"Ba," Baba akasema. "Baba. Baba yake."

Hillary alikuwa wa kwanza kupata sauti, na ilikuwa na machozi ndani yake. "Umesikia, Nakhumicha? Umekatazwa. Usituletee tena Kiingereza chako hapa." Kisha akamgeukia Baba. "Kwa hivyo mzee, huyu hakujiua?"

Baba alicheka. Upande mmoja tu wa uso ndio uliocheka, lakini kifua chote kilitikisika, na mate yakamtoka, Mama akampangusa kwa leso huku naye anacheka na kulia bila mpango.

Mimi nilirudi kwenye kioo kwa sababu picha haikungoja. "Samahani," nikasema. "Nilikosea. Huyu ni baba yake. Amemtafuta mji hadi mji, na leo amemwona." Nilisema kwa sauti kubwa, naona hata kuku walisikia.

Mzee wa masharubu alikuwa anakaribia. Zamani hapa ndipo jenereta ilizimwa. Sasa hakukuwa na jenereta. Panga ilianza kuinuka.

"Na hiyo panga?" Mama akauliza. Alikuwa anajua jibu, amelisikia miaka miwili mfululizo. Hakuwa ananiuliza mimi.

Nilibonyeza rimoti, picha ikasimama, mkono wa mzee ukabaki hewani. Tukamtazama Baba. Alifunga macho. Mdomo ulitafuta, ukakosa, ukatafuta tena. Nje kuku walikuwa wamepanda juu ya turubai, tuliwasikia wakidonoa mahindi yetu, na hakuna aliyeinuka.

"Mi," Baba akasema.

Tukangoja.

"Miwa."