Wali wa Kusumalatha na Aiskrimu ya Ng'ambo

Siku ya Vesaki nani alale! Mwezi mpevu wa Mei, siku ile ile Buddha aliyozaliwa, akaamka kwenye ukweli, akafariki. Mtaa wetu wote tulikuwa barabarani tangu asubuhi, nguo nyeupe, jasho tele, tukipika wali, dengu na biringanya za kulisha bure kila apitaye.

Kibanda cha chakula kilikuwa cha Kusumalatha, mjane wa Wimalasena fundi baiskeli. Alitaka thawabu ya kila sahani imfikie mumewe, popote alipozaliwa upya.

Saa sita, masufuria yanafuka, Somapala muuza matairi akafungua kibanda chake ng'ambo ya barabara. Aiskrimu ya bure! Foleni ikapinda hadi kituo cha basi. Kwetu walisimama mbwa wawili.

"Dada Kusuma, huyu katukomoa!" nikasema. "Juzi alikuja kuchungulia tunapika nini. Nilimwona kwa macho yangu!"

"Malkanthi, asubuhi hekaluni umeahidi nini?"

"Kutoua, kutoiba, kutozini, kutodanganya, kutokunywa kileo. Umbeya haumo!"

Alicheka kidogo, kisha machozi yakamlengalenga. "Wali utachacha. Wimale wangu nitampa nini?"

Akaitazama ile foleni, watoto wakiruka-ruka.

"Mtawa kasema nini leo? Ukifurahia wema wa mwenzio kwa moyo mweupe, nawe una fungu lako. Na mimi hapa nimekaa kununa!"

Akavuka barabara. Nami nyuma yake na upawa mkononi, ugomvi ule ningeukosaje?

Mbele ya Somapala akaunganisha viganja. "Sadhu! Sadhu! Sadhu! Umefanya jambo jema, mdogo wangu. Nimefurahi kweli."

Somapala akabaki na kijiko hewani. "Dada, mimi sikukusudia..."

"Ulikusudia!" nikamkata. Kusuma akanipiga kiwiko.

Uso wa Somapala ukaiva. Akanyakua kipaza sauti. "Jamani! Aiskrimu haiendi kwenye tumbo tupu! Ng'ambo kwanza, mkale wali wa dada yangu, ndipo mrudi kwa utamu!"

Weee! Foleni iligeuka kama nyoka aliyekanyagwa. Tulipakua mpaka mikono ikafa ganzi, na masufuria yakabaki yanang'aa.

Ndipo Kusuma akamimina maji kikombeni, taratibu, mpaka yakafurika, kumtumia marehemu thawabu. Mimi nilishika mkono wake, na Somapala akashika wangu.

"Wimale, pokea," Kusuma alisema. "Na ya aiskrimu pia."