Siku ya Mgeni wa Barabara

Trei moja hubeba mayai thelathini, na Lydiah, Mama Wanyoike, aliyajua mayai yake kwa sura: lile la madoadoa, lile jembamba, lile la ganda jepesi kama karatasi. Alifuga kuku nyuma ya nyumba yake mtaa wa Tena, na kila asubuhi Mulama, kijana aliyemlipa kumbebea mizigo, alitandika nyasi kavu kwenye mkokoteni, akapanga trei, akausukuma hadi hoteli ya Shamis upande wa Umoja. Hoteli yenyewe haikuwa mbali. Mashimo ndiyo yaliyoifanya iwe mbali.

"Lydiah, dada yangu," Shamis alimwambia siku moja, akipangusa ute wa yai mkononi, "mimi nanunua mayai. Huu ni uji. Mvua ikianza na barabara ikiwa hivi, nitatafuta mtu mwingine. Tusikosane."

Lydiah hakununa. Mwezi uliotangulia chifu alikuwa ametangaza barazani kwamba mafuta yatapanda bei, petroli, dizeli, hata ya taa, maana serikali imeongeza ushuru wa kutengeneza barabara. Watu waliguna. Lydiah peke yake alipiga makofi. Taa za kuwapasha vifaranga wake joto zilikunywa mafuta kama ng'ombe kisimani, na tangu siku ile, kila alipomimina, alijiambia kwamba humo ndani mna tone la lami yake.

Kisha habari ikaja: Alhamisi afisa wa serikali atapita kuangalia barabara mbovu, aziandike zitengenezwe.

Mgeni! Lydiah alijua namna moja tu ya kumpokea mgeni. Jumatano aliwakusanya akina mama wa kikundi cha kanisani. Walibeba udongo kwa karai, mawe, vipande vya matofali, hata majivu ya jikoni. Wakajaza mashimo, wakayashindilia kwa miguu huku wakiimba, wakanyunyiza maji, wakafagia. Mmoja wao, Nduta, alileta chokaa, akapaka mawe ya kando yakawa meupe pe.

Mulama alikuwa amekalia mkokoteni wake, anawatazama.

"Mama Wanyoike, mtu akienda kwa daktari huficha kidonda kwa poda?"

"Nyamaza wewe! Kwenu mgeni huonyeshwa uchafu?"

"Kwetu daktari wa ng'ombe akija huonyeshwa ng'ombe mgonjwa."

Akina mama walicheka hadi wakashika mbavu. Lydiah naye alicheka, akainama tena kufagia.

Afisa alifika saa nne, na Land Rover yake ikateleza pale kama iko juu ya zulia. Alishuka, akala mayai mawili ya kuchemsha ambayo Lydiah alimwekea kwenye sahani ya maua pamoja na chumvi, akafungua daftari.

"Hongereni, akina mama. Hii nimeiandika nzuri."

Lydiah alichungulia daftari. "Nzuri vipi, bwana? Huo ni udongo tu! Jana hapa palikuwa na mashimo ya kumzamisha mbuzi."

"Mama, mimi naandika ninachokiona. Na kama mnajitegemea hivi, pesa ziende kwa wasiojiweza."

"Na ule ushuru wa mafuta tunaolipa?"

"Ushuru ni wa nchi nzima, mama."

Lydiah alinyakua jembe mkononi mwa Nduta. "Basi ngoja kidogo. Ngoja nikufukulie, uone!"

Alipiga jembe mara tatu. Udongo alioushindilia mwenyewe ulikuwa umeshika vizuri. Afisa alidhani ni mzaha wa mama mchangamfu, akapanda gari, akampungia mkono dirishani, akaenda zake.

Mvua ilipokuja iliukomba udongo wote kwa wiki moja. Mashimo yalifumuka makubwa kuliko zamani, kwa sababu akina mama walikuwa wamechimba udongo ule kando ya barabara, na maji yakapata njia. Shamis hakugomba. Alimkaribisha Lydiah chai, naye Lydiah akaona mezani trei za mayai ya mtu mwingine, masafi, hayana hata ufa.

Kuku waliuzwa mmoja mmoja. Mulama aliwasafirisha hadi soko la Gikomba, miguu imefungwa.

Jioni alipouza wa mwisho, Lydiah alikwenda dukani na chupa yake. Mafuta ya taa yalikuwa bei ile ile ya juu. Alipojaziwa, aliinua chupa kwenye mwanga wa mlango, akatafuta lile tone lake la lami.

"Kuna uchafu, mama?" mwenye duka akauliza.

"Hapana," alisema. "Hamna kitu."

Akaenda nyumbani akipita pembeni, akiruka madimbwi.