Ngano Inayoelea

Kila asubuhi Qiu Yunzhi alianika shuka la mumewe uani, na kila asubuhi lilikuwa limelowa chepechepe. Tangu mavuno, Shoucheng alikuwa akitokwa na jasho usingizini mpaka mashavu yakambonyea. Mama mkwe akakata shauri, akamwambia mwanawe: "Nenda kwa Suqin. Dawa zake zinashika."

Yunzhi nusura aangushe beseni. Miao Suqin, mwenye duka la dawa za mitishamba pale darajani, ndiye aliyekuwa aolewe na Shoucheng kabla wazazi wao hawajakosana. Kijiji kizima kilijua.

Shoucheng akarudi na mfuko wa ngano nyepesi, zile punje zilizosinyaa ambazo ukiosha nafaka huelea juu ya maji, pamoja na kunazi nyekundu za kuchemshia.

"Amekushika mkono?" Yunzhi akauliza.

"Atapimaje mapigo bila kunishika?"

"Mmoja?"

"Yote miwili. Ndivyo wanavyopima, mama Lanlan."

Yunzhi akacheka kicheko cha meno tu. Mumewe alipotoka, akaimwaga ile ngano mtaroni, akachota ngano yao ya ghalani na kuichemsha na zile kunazi. Hakumtakia Shoucheng mabaya. Alichotaka ni dawa ya mwanamke yule ishindwe.

Ikashindwa kweli. Lakini kila iliposhindwa, Shoucheng alivaa koti lake safi, akachana nywele, akaenda tena darajani. Akirudi ni Suqin kasema hivi, Suqin kasema vile. Yunzhi akawa anaungua kwa moto aliouwasha mwenyewe.

Mwishowe Suqin akaja kuona kulikoni. Akaingia jikoni, akafunua chungu, akakoroga kwa upawa. Punje nono zilikuwa zimelala chini. Akamtazama Yunzhi kwa muda. Mama mkwe alikuwa kasimama mlangoni, katega masikio.

"Kuna nini humo?"

"Kosa langu, mama," Suqin akajibu. "Nilimfungia ngano siyo. Hii hapa nyingine."

Mama mkwe alipoondoka, Suqin akainama karibu. "Shemeji, nyumbani nina wangu anayekoroma kama nguruwe. Wa pili nitamlaza wapi?"

Yunzhi alitamani ardhi ipasuke. Heri angetukanwa! Sasa mwanamke yule alikuwa na dawa, na wema juu yake. Wivu ukamzidi kuliko mwanzo.

Hata hivyo safari hii aliichemsha ngano yenyewe. Shuka likaanza kuamka kavu, na Shoucheng akarudiwa na rangi yake. Siku moja akasema Suqin apelekewe mayai ya shukrani, akanyoosha mkono kuchukua koti.

"Kaa! Nitapeleka mimi," Yunzhi akadakia.

Akaingia bandani, akachagua mayai madogo, moja moja, mpaka kikapu kikajaa. Akafika getini, akasita. Akarudi, akaokota mawili makubwa, akayaficha chini kabisa yasionekane, kisha akashika njia ya darajani.